Kufufuka Si Kuhamia Mwili Mwingine

  Leo tutalitazama swali ambalo mwanadamu amejiuliza tangu zamani, kila alipomaliza kufukia kaburi na kurudi nyumbani. Je, huyu tuliyemzika tutamwona tena? Na kama tutamwona, atakuwa ni yeye mwenyewe, au atakuwa ni mtu mwingine?

Ziko imani nyingi juu ya jambo hili, lakini leo nitataja mbili. Ya kwanza yasema kwamba mtu akifa, roho yake huuacha mwili na kwenda kuzaliwa katika mwili mwingine, na baada ya huo katika mwingine tena. Ya pili ni ile tunayoikiri kanisani tunaposimama kusema Imani ya Mitume, ya kwamba miili ya wafu itafufuliwa. Wako watu wanaozichanganya hizi mbili, wakidhani ni jambo moja lenye majina mawili. Si jambo moja. Yafaa Mkristo ajue tofauti yake, si kwa ajili ya kubishana na jirani, bali apate kujua yeye mwenyewe anatumaini nini.

Kwanza tuweke wazi neno moja. Sisi husema kwamba mtu amezaliwa mara ya pili, na usemi huo ulienea sana katika nchi zetu tangu Uamsho wa miaka ya 1930. Maana yetu ni kwamba Roho Mtakatifu amemgeuza mtu huyo, naye bado yu hai katika mwili ule ule. Nikodemo alipolisikia neno hilo alifadhaika, akauliza kama mtu mzima aweza kuingia tena tumboni mwa mama yake. Bwana Yesu akamweleza kwamba hakuwa na maana hiyo. Basi leo, ile imani ya kuzaliwa katika mwili mwingine nitaiita kuhama kwa roho, tusije tukachanganyikiwa.

Imani hiyo hatuhitaji kwenda mbali kuisikia. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, mpaka ikafika Kisumu mwaka 1901, Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengine wao walikuwa Waislamu, wengine Masingasinga, wengine Wahindu. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki, na wafanyabiashara wakaja baada yao. Ndiyo sababu leo twaona mahekalu ya Wahindu Mombasa, Nairobi na Kisumu.

Mafundisho yao juu ya kuhama kwa roho ni ya kale. Yamo katika vitabu viitwavyo Upanishad, ambavyo vile vya kwanza vilitungwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Humo mwafundishwa kwamba matendo ya mtu, ambayo wao huyaita karma, humfuata mpaka katika maisha mengine. Aliyetenda mema huzaliwa mahali pema, na aliyetenda mabaya huzaliwa katika hali duni, pengine hata katika mnyama. Ni kama deni la dukani. Mwenye deni akihama kijiji, daftari lamfuata huko huko.

Lakini tusikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kwa Mhindu anayeijua dini yake, kuzaliwa tena na tena si habari njema. Ni kifungo. Tumaini lake ni kwamba siku moja atafunguliwa atoke katika mzunguko huo, na kufunguliwa huko hukuita moksha. Buddha naye, aliyefundisha huko India karne kama tano kabla ya Kristo, aliwaonyesha wanafunzi wake njia ya kukomesha kuzaliwa huko. Baadhi ya watu wa Ulaya na Marekani ndio waliolichukua jambo hili katika miaka ya karibuni na kuligeuza kuwa kitulizo, wakifurahi kwamba wakiyaharibu maisha haya watapewa mengine. Wazee wa India waliona mzigo pale ambapo hao waona zawadi.

Wagiriki pia walikuwa na imani iliyofanana na hiyo. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo alikuwako mwalimu jina lake Pythagoras. Mshairi mmoja wa zamani zile, Xenophanes, alimfanyia mzaha akisimulia kwamba siku moja Pythagoras aliona mtoto wa mbwa akipigwa, akamsihi mwenye fimbo aache, kwa sababu katika kilio kile aliitambua sauti ya rafiki yake aliyekufa. Baadaye Plato, aliyefariki kama mwaka 347 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mwili kwa roho ni kama gereza. Aliandika pia kwamba roho, kabla ya kurudi duniani, hunywa maji ya kusahau, na ndiyo sababu hatukumbuki maisha yetu ya kwanza. Tafadhali, ndugu msikilizaji, yashike hayo maji ya kusahau, maana tutayarudia.

Sasa tugeuke tuwatazame Wayahudi, maana wao walilifikia tumaini lao kwa njia nyingine. Mwaka 167 kabla ya Kristo mfalme Antiochus wa Nne alilinajisi hekalu la Yerusalemu, akawakataza Wayahudi kuishika Torati. Waliokubali kumwacha Mungu wakapona. Waliokataa wakauawa, wake kwa waume, hata watoto wachanga. Hapo swali likawa kali sana. Kama waliomtii Mungu ndio waliokufa, na waliomsaliti ndio wanaokula na kunywa, haki ya Mungu iko wapi?

Jibu twalisoma katika Danieli sura ya 12, ya kwamba waliolala mavumbini wataamka, wengine kwa uzima na wengine kwa aibu. Tena kuna kitabu cha pili cha Makabayo, ambacho hakimo katika Biblia nyingi tunazotumia, lakini kwa desturi ya Kianglikana twaweza kukisoma kwa ajili ya mifano ya maisha, bila kujenga fundisho juu yake. Katika sura ya 7 yamo masimulizi ya mama na wanawe saba walioteswa kwa ajili ya Torati. Mwana wa tatu alipotakiwa kutoa mikono yake ikatwe, aliinyosha bila hofu, akasema kwamba aliipokea kwa Mungu na kwa Mungu atarudishiwa. Angalieni jambo hilo. Hakutumaini kupewa mikono ya mtu mwingine katika nchi nyingine. Alitumaini kurudishiwa ile ile iliyokatwa kwa dhuluma.

Basi mwaona, ndugu zangu, kwamba imani zote mbili zahangaika na swali moja, nalo ni swali la haki. Kwa nini huyu ateseke na yule astarehe? Kuhama kwa roho kwajibu kwamba kila mtu anavuna alichopanda katika maisha mengine yaliyopita. Ufufuo wajibu kwamba Mungu mwenyewe atasimama, amwite kwa jina yule yule aliyedhulumiwa, na kumrudishia uhai wake.

Katika siku za Bwana Yesu, Mafarisayo waliikubali imani ya ufufuo, na Masadukayo waliikataa. Kisha ikaja asubuhi ya Pasaka. Yule aliyetoka kaburini hakuwa Lazaro wa pili, maana Lazaro alirudi katika uhai huu wetu na baadaye akafa tena. Wala hakuwa roho iliyopata mwili mwingine. Aliwaonyesha wanafunzi mikono yake na ubavu wake, na alama za misumari zilikuwapo. Alikuwa Yesu yule yule waliyemjua, naye amekuwa katika uzima ambao mauti haiwezi kuugusa tena. Mtume Paulo alipoyahubiri hayo Athene, kama mwaka 50, baadhi ya wasikilizaji walimcheka. Tusiwashangae sana. Mtu aliyefundishwa kwamba mwili ni gereza hawezi kufurahi akiambiwa atarudishwa ndani yake.

Lakini si wote waliocheka tu. Wengine walichukua silaha. Ndipo twafika katika mji wa Lyon, ulioko Ufaransa ya leo, mwaka 177 baada ya Kristo. Habari zake twazijua kwa sababu makanisa ya huko yaliwaandikia barua ndugu zao wa Asia, na mwanahistoria Eusebius akaihifadhi. Katika mji huo Wakristo walikamatwa na kuteswa mbele ya watu. Askofu wao, Pothinus, mzee wa zaidi ya miaka 90, alipigwa akafia gerezani baada ya siku mbili. Alikuwako kijana Ponticus wa miaka kama 15. Alikuwako pia mjakazi jina lake Blandina. Ndugu zake katika imani walimwogopea, kwa jinsi mwili wake ulivyokuwa dhaifu, wakidhani hataweza kusimama imara. Lakini watesaji wake walipokezana tangu asubuhi hata jioni, wakachoka wao. Mwisho wakamfunga katika wavu na kumtupa mbele ya fahali.

Baada ya kuwaua, maadui hawakuridhika. Walizuia maiti zisizikwe. Wakaziweka nje siku sita zikilindwa na askari, kisha wakazichoma, na majivu wakayafagilia katika mto Rhone, lisibaki hata vumbi. Barua ile yaeleza sababu. Walisema watu hawa wanakwenda kufa kwa furaha kwa sababu wanatumaini kufufuka. Basi na tuone kama watafufuka, na kama Mungu wao aweza kuwaokoa mikononi mwetu.

Fikirini jambo hilo. Wapagani wa Lyon walielewa vizuri kabisa Wakristo walikuwa wakitumaini nini. Kama Wakristo wale wangeamini kuhama kwa roho, kusingekuwa na faida ya kuwatupia majivu mtoni, maana roho ingekwisha kwenda zake kutafuta mwili mwingine. Walitupa majivu kwa sababu walijua kwamba Blandina anatumaini kuwa Blandina tena. Mjakazi ambaye ulimwengu ulimhesabu kuwa si kitu aliamini kwamba Mungu anautaka mwili wake ule ule dhaifu. Na Kanisa lilipopokea barua ile halikukata tamaa kwa sababu ya majivu. Aliyemfinyanga Adamu kwa mavumbi hashindwi na mto.

Mtu aliyechukua mahali pa Pothinus alikuwa Irenaeus. Utotoni mwake alikuwa amemsikiliza Polycarp wa Smirna, naye wakati wa mateso alikuwa mzee wa kanisa hilo la Lyon. Kama mwaka 180 aliandika kitabu kikubwa cha kuitetea imani, na ndani yake akawajibu watu waliofundisha kuhama kwa roho. Akauliza: mtu akiota ndoto ya usiku mmoja, akiamka aikumbuka, itakuwaje roho iishi miaka mingi katika mwili mwingine isikumbuke hata siku moja? Ndipo akayageukia yale maji ya kusahau ya Plato. Akasema, kama maji hayo hufuta kumbukumbu zote, wewe Plato umejuaje kwamba uliyanywa? Kisha akafundisha kwamba Mungu si maskini hata ashindwe kuupa kila mwili roho yake wenyewe. Kila mtu ana mwili wake na roho yake, na atafufuka akiwa navyo hivyo.

Nayataja haya kwa sababu yako maneno yanayosemwa sana, hata vijana wetu huyasikia. Husemwa kwamba Kanisa la kwanza lilifundisha kuhama kwa roho, kisha mtaguso uliokutana Constantinople mwaka 553 ukayafuta katika Biblia. Hayo si kweli. Lililobishaniwa katika miaka ile ni mafundisho yaliyotokana na Origen, mwalimu aliyefariki miaka 300 hivi kabla ya mtaguso, ya kwamba roho za watu zilikuwako kabla ya miili yao. Na Origen mwenyewe, akieleza Injili ya Mathayo, alikana kwamba Yohana Mbatizaji alikuwa na roho ya Eliya iliyohama. Irenaeus aliandika zaidi ya miaka 370 kabla ya mtaguso. Tena ziko nakala za Agano Jipya zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, kama ile iitwayo Codex Sinaiticus, nazo hazina mafundisho hayo. Huwezi kufuta mwaka 553 kitu ambacho hakikuwamo miaka 200 nyuma.

Sasa turudi nyumbani, maana pengine msikilizaji auliza: na sisi Waafrika je? Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na nyanya humwita mjukuu huyo mume wangu, watu wakacheka. Watu husema, mzee amerudi. Je, huko si kuhama kwa roho? Kasisi John Mbiti, mwanachuoni wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alilieleza jambo hili katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika cha mwaka 1969. Alionyesha kwamba katika jamii nyingi ni sehemu tu ya marehemu, kama sura au tabia, inayosemekana kuonekana kwa mtoto, na marehemu mwenyewe haachi kuwa yeye. Ndiyo maana babu aliyekufa aweza kuwa na wajukuu kumi wenye jina lake, na bado akakumbukwa kama babu. Jina ni heshima na ni kumbukumbu. Mkristo aweza kumpa mtoto jina la babu yake na kumshukuru Mungu, akijua kwamba mtoto huyu ni mtu mpya, na babu angali mikononi mwa Bwana akingoja siku yake.

Lakini liko jambo moja ambalo lapasa kutuchoma moyo. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, kisha akamfungua macho. Ni kweli kwamba fundisho la karma laweza kumfanya mtu aone kilema cha mwenzake kuwa malipo. Hata hivyo tusiwanyoshee kidole Wahindu, maana kwao kuhurumia wanyonge ni tendo jema kuu, na katika nchi hii jamii zao zimejenga shule na hospitali zilizowasaidia watu wa kila dini. Tujitazame sisi. Mtoto akizaliwa na ulemavu katika boma la Mkristo, je, si sisi tunaonong'ona mlangoni mwa kanisa kwamba ni laana ya ukoo? Je, hatujasikia watoto waliofichwa nyumbani wageni wasiwaone? Anayeamini ufufuo hawezi kuuficha mwili ambao Mungu anakusudia kuuinua kwa utukufu. Mtoto yule akibebwa kuletwa ibadani, hiyo ni mahubiri ya Pasaka kuliko haya yangu.

Tena kuna wanaoniuliza juu ya maiti kuchomwa. Wahindu huchoma maiti zao, nasi kwa desturi huzika. Askofu Mkuu Manasses Kuria, aliyeliongoza Kanisa letu tangu mwaka 1980 hata 1994, alipofariki mwaka 2005 mwili wake ulichomwa, kama wa mkewe ulivyochomwa mwaka 2002. Profesa Wangari Maathai naye, mwaka 2011, alichomwa kwa matakwa yake mwenyewe. Watu wengi walishtuka, wakauliza watu hao watafufukaje. Mimi huwajibu kwamba swali hilo lilijibiwa Lyon. Kuzika ni desturi njema, yatukumbusha mbegu ambayo Paulo aliitaja katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15. Lakini mkulima ajua kwamba mahindi hayaoti kwa sababu mbegu imebaki nzima udongoni. Mbegu hupasuka, na Mungu ndiye anayekuza.

Labda wewe unayenisikiliza mwanao alizama ziwani, na mwili haukuonekana. Labda ndugu yako alikwenda vitani asirudi, na hata leo huna kaburi la kupalilia. Mama yangu, baba yangu, sikia. Mungu hakumpoteza. Humwendei mtu aliyekwisha kugeuka mtu mwingine, mwenye mama mwingine, asiyekumbuka sauti yako. Katika Kristo wamngojea yeye mwenyewe, kwa jina ulilompa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwinua Mwanao akiwa na alama za misumari mikononi mwake, utufundishe kuiheshimu miili ya wenzetu wangali hai, na kutowalilia waliolala kama watu wasio na tumaini. Uwakumbuke wote ambao mavumbi yao wayajua wewe peke yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.